Mashine Inyamaze Kabla ya Kengele

Nyinyi wasichana watatu wa chumba cha maziwa, na yeyote mwingine atakayekuja kushika hizo ndoo baada yenu, kaeni chini kwanza. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikaitumia kuwashia jiko. Hii ya pili ina matusi kidogo na mafunzo mengi, kwa hivyo msiichome.

Alhamisi iliyopita mtoto wangu Naserian alirudi kutoka shule, akatupa begi kwa kiti, na kabla hata hajaomba chakula akaniambia, "Mami, mashine yako leo imeimba mpaka lunch."

Nilikuwa nakata sukuma. Kisu nilikiweka chini polepole, maana nilijijua.

Shule ya Naserian iko upande ule mwingine wa ua wa shamba la Mzee, hapo tu baada ya mstari wa miti ya mipilipili. Darasa lake la Grade Four liko karibu kabisa na chumba cha maziwa. Mashine ya kupoza maziwa ikinguruma, watoto wanaisikia. Ikinyamaza kwa wakati wake, wanaisahau kabisa. Na huyo mtoto, kabla ajue kuhesabu hadi kumi, alijua jambo moja: mashine inaanza ng'ombe wakishakamuliwa asubuhi, na inapaswa kunyamaza kabla ya kengele ya break. Ikifika break bado inaimba, kuna ugonjwa. Ikifika lunch, kuna mtu amelala kazini.

Mtu huyo safari hii ni nyinyi. Lakini ngojeni, nitafika huko.

Najua mtacheka mkisikia najiita mstaafu. Mstaafu mnamjua ni mtu wa bakora na miwani ya kusomea Biblia. Mimi niko na miaka thelathini na moja na mtoto wa miezi sita kwa titi. Lakini miaka tisa nimefanya katika hicho chumba, na sikufukuzwa. Meneja mpya alikuja akasema mtoto mgongoni haruhusiwi tena karibu na mitambo. Nikamwuliza, "Na yule wa kwanza, Naserian, unadhani alikulia wapi?" Akasema mambo yamebadilika. Nikavua gumboots, nikazipanga mlangoni, kushoto na kulia, nikaenda zangu. Msiniulize kama najuta. Nikiulizwa hilo swali huwa natafuta kitu cha kushika.

Kwa hivyo sina cheti wala saa ya ukutani ya kustaafu. Kile niko nacho ni hiki: hilo shamba bado lina ng'ombe. Pande zote nne sasa ni plots, mabati, na majumba ambayo hayajaisha. Katikati kuna ng'ombe ishirini na kitu wanakula nyasi zao na hawajui waliponea wapi. Mimi najua. Na nyinyi mtajua leo.

Nilifika hapo nikitoka Kware, Rongai, nilipokuwa nikiishi na dada yangu chumba kimoja, mimi, yeye, bwana yake na mtoto wangu wa miezi minne. Niliambiwa kuna mzee huku Kitengela, njia ya kwenda Isinya, anatafuta mtu aliyemaliza Form Four, wa kuandika kiwango cha maziwa na kuangalia mashine. Mzee mwenyewe aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaona mtoto, akaguna, akaniita msichana kwa Kikuyu.

"Kairitu, huyu naye anajua kuandika?"

"Huyu analala, Mzee. Mimi ndio naandika."

Akacheka. Nikapata kazi.

Ndani nilimkuta Yeyo. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na hakuna mtu pale aliyemwita kitu kingine, hata Mzee ambaye alikuwa amemzidi miaka. Alikuwa mkamuaji tangu shamba lianze. Alimjua kila ng'ombe, mama yake na nyanya yake, na tabia mbaya ambazo kila mmoja alirithi kwa nani. Siku ya kwanza niliingia nikamwambia "habari ya asubuhi" kama mwalimu wa zamu. Akanyamaza. Nikarudia. Akanyamaza. Kumbe alikuwa anangoja salamu. Baadaye mlinzi akanifundisha: mwanamke mzima unamwambia "takwenya", naye anakujibu "iko". Nilipoisema vizuri aliitika, halafu akamchukua Naserian mgongoni mwangu bila kuniomba. Jina la Naserian ni yeye alimpa, kwa sababu hakuwa analia. Linamaanisha mwenye amani. Mwenye hilo jina siku hizi anavunja vikombe, lakini jina limebaki.

Sasa sikieni kosa langu la kwanza. Yeyo alikuwa na tabia yake. Akimaliza kukamua, hakuwa anamwaga maziwa kwa tangi la kupozea papo hapo. Alikuwa anajaza ile mikebe ya chuma, anafunga vifuniko, na anaisimamisha ndani ya hori la maji, lile la ng'ombe kunywea, maji yakifika shingoni mwa mkebe. Halafu anaenda kunywa chai. Mashine imezimwa, mikebe imekaa kwa maji, yeye anapuliza chai yake. Mimi, na D yangu ya Biology, niliona uchafu.

"Yeyo, hapa si manyatta. Maziwa yanaingia tangi moja kwa moja. Kazi ya kupoza ni ya mashine."

Aliniangalia. "Nakerai, mtoto wangu, maziwa imetoka kwa ng'ombe ikiwa moto. Unailaza aje na hiyo moto? Inaoga kwanza, halafu inalala."

"Mashine itaiogesha."

"Haya," akasema. Hiyo "haya" yake ningeijua vile ninavyoijua leo, ningerudi nyuma hatua tatu. Lakini nilikuwa na kalamu, yeye alikuwa na ndoo. Akatoa mikebe kwa hori.

Kutoka siku hiyo mashine ikaanza kukawia. Ilikuwa inanyamaza vizuri kabla ya break, sasa ikawa inanyamaza wakati watoto wanarudi darasani. Sikujali. Nilidhani mashine ni kama mtu, siku nyingine ana nguvu, siku nyingine hana.

Halafu mwezi wa saba ukaingia na ile baridi ya huku kwetu. Nyinyi mnaijua. Jua linakataa kutoka wiki nzima, upepo unapita kwa nyasi kama maji, nguo ukianika Jumatatu unaanua Alhamisi na bado zina unyevu. Na mimi niko na mtoto wa nepi. Nepi za kitambaa, si hizi za kutupa. Niliosha, nikaanika kwa ua, zikakataa kukauka. Mtoto akapata upele. Siku moja nilipita nyuma ya chumba cha maziwa, mahali mashine imetoa rediata yake nje, na upepo wa moto ukanipiga miguu. Moto mzuri, wa kukauka kabisa. Nikasimama hapo kama mtu aliyeokota shilingi.

Mnajua nilifanya nini.

Nilizitundika kwa ule wavu wa mbele ya rediata. Tatu, nne, siku zingine sita. Zilikauka kabla sijamaliza kuosha ndoo. Niliona nimegundua kitu ambacho hata Mzungu aliyetengeneza hiyo mashine hakujua. Nilikuwa najivunia! Nilimwambia hata dada yangu kwa simu, "Huku niko na dryer."

Wiki mbili. Mashine ikawa inaimba mpaka lunch. Halafu mpaka saa nane, lori la kiwanda likija kuchukua maziwa bado inanguruma. Mita ya stima, ile ya tokeni, ikawa inalia kama kifaranga aliyepotea. Mzee akaleta fundi wa friji kutoka tauni. Siku hiyo nepi nilikuwa nimeanua, zilikuwa kavu. Fundi akagonga hapa, akagonga pale, akasema mashine imezeeka. Mzee akashika kichwa.

Ijumaa moja mashine ikajizima yenyewe katikati ya kazi. Ilipata joto jingi hadi ikakata. Sisi tulikuwa malishoni tunasaidia kubeba nyasi, hatukujua. Lori lilipokuja, dereva akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akafunga polepole kama mtu anayefunika maiti.

"Mama, hii siwezi."

Tangi nzima. Tulimwaga kwenye mtaro nyuma ya zizi, na mbwa wa jirani wote wakaja. Yeyo hakutaka kuangalia. Alisimama akiwa ameupa ule mtaro mgongo, shuka ameivuta hadi kwa kidevu.

Jioni hiyo Mzee alituita chini ya kibaraza cha stoo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Hii mashine inakula maziwa kabla mimi niyauze. Watoto wangu wananiambia kila siku niuze hapa, nipumzike. Mimi nimewakatalia kwa sababu ya hawa ng'ombe. Lakini siwezi kufuga stima. Mwezi wa tisa ukiisha ikiwa bado hivi, ng'ombe zinaenda, na mimi nitagawa plots."

Wiki iliyofuata wanaume wawili wakaonekana nyasini na utepe wa kupimia. Mmoja alisimama mahali ng'ombe mmoja, Lasiti, amelala, akamwambia asonge. Ng'ombe akakataa. Wakapima wakimzunguka.

Hapo ndipo nilianza kupiga hesabu ya maisha yangu. Ng'ombe zikienda, Yeyo anarudi Oltepesi kwa ndugu yake, kukaa nyumba ya mtu na kungoja kuambiwa chakula kiko tayari, mwanamke aliyekamua tangu utoto. Mimi narudi Kware, chumba kimoja, na dada ambaye alikuwa ameshanipa siku za mwisho za kukaa kwake. Naserian alikuwa na miezi saba. Alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa, katikati ya chumba cha maziwa, juu ya gunia, anapigia ndoo makofi.

Siku ya pili baada ya wale wa utepe, Yeyo alikuja nyuma ya chumba, mahali hakuwa na kawaida ya kupita. Mimi nilikuwa naosha mikebe karibu hapo. Akachuchumaa mbele ya rediata, akatega sikio vile anavyotega kwa ubavu wa ng'ombe mgonjwa.

"Hii ng'ombe inahema," akasema.

"Si ng'ombe, Yeyo. Ni mashine."

"Ng'ombe ikikimbizwa juani halafu ufunge mdomo, inafanya hivi. Haipati pumzi. Inahema, inahema, halafu inaanguka." Akanyoosha kidole. "Nani amefunga huyu mdomo?"

Nikaangalia kidole kinapoelekea. Nepi nne za Naserian zilikuwa zimetundikwa pale kwa mstari, nyeupe, zimekauka kama biskuti.

Nilizivuta zile nepi moja moja, na nyuma yake nikaona rediata yenyewe. Yale mapezi yake membamba kama meno ya kitana yalikuwa yamejaa vumbi la barabara, nyasi, manyoya ya kuku, na uzi mweupe wa nepi umeshonana na vumbi hadi umekuwa blanketi.

Yeyo akainuka, akashika magoti. "Mashine pia ni mama. Inatoa moto ya mtoto wake mwenyewe, hii maziwa, na wewe umeipatia ya mtoto wako ibebe."

"Yeyo, usimwambie Mzee."

"Mimi?" akasema. "Mimi niko manyatta. Mimi najua nini?"

Nilistahili hiyo.

Sasa shikeni kalamu. Rediata inasafishwa hivi. Zima mashine kwanza, kwa swichi ya ukutani. Tumia brashi laini, hata mswaki mzee, na fuata mapezi kutoka juu kwenda chini. Ukisugua kwa upande yatalala, na yakilala umeziba wewe mwenyewe kwa mkono wako. Ukiwa na pampu ya baiskeli, pulizia kutoka ndani kuja nje, ili vumbi lirudi lilikotoka. Fanyeni kila Jumamosi, na wakati wa kiangazi, lori za mchanga zikipita, fanyeni na Jumatano. Na paa la kivuli lile la mabati juu ya rediata lina nguzo nne na halina ukuta. Msije mkaliwekea ukuta mkidhani mnailinda. Inataka kivuli na upepo, kama nyinyi tu.

Nilipomaliza siku hiyo, mashine ikanyamaza kabla ya lunch. Nikaruka. Lakini bado ilikuwa imepita kengele ya break kwa mbali, na siku za Mzee zilikuwa zinakwisha.

Nikaenda kwa Yeyo. Kutembea kutoka chumba cha maziwa hadi zizini ni hatua chache tu, lakini asubuhi hiyo ilikuwa safari ya Magadi.

"Yeyo, ile ya kuoga."

"Gani?"

"Maziwa. Ile ulikuwa unafanya kwa hori."

"Ah. Ile ya uchafu."

"Ile."

Aliniacha nisimame hapo mpaka akamaliza chuchu zote nne za yule ng'ombe. Halafu akasema, "Lete mkebe."

Tulijaribu mikebe miwili. Mmoja tuliuweka kwenye hori, mwingine tukauacha kwa sakafu. Chai ikanywewa. Nikaleta kipimajoto. Ule wa sakafu ulikuwa bado moto kama ubavu wa ng'ombe. Ule wa hori joto lake lilikuwa limeshuka zaidi ya nusu ya safari, bila stima hata kidogo, kwa maji ya borehole tu, ambayo yanatoka chini yakiwa baridi na yalikuwa yanaenda kunywewa hata hivyo. Nilipima tena mara mbili.

Lakini D ni D, haikuwa bure kabisa. Uchafu wa hori ulikuwa wa kweli. Ng'ombe anatia ulimi na mate mahali mkebe umesimama. Kwa hivyo nilichukua tangi la plastiki lililopasuka, nikalikata katikati kwa msumeno, nikaliweka kabla ya hori la ng'ombe. Maji ya borehole yanaingia kwanza hapo, yanazunguka mikebe, yanafurika kwa bomba, yanaenda kwa ng'ombe yakiwa vuguvugu. Na asubuhi ya baridi ng'ombe wanapenda hayo maji. Wanakunywa zaidi, na ng'ombe anayekunywa anatoa maziwa. Hilo hatukulipanga, lilikuja lenyewe. Jambo lingine nililoongeza ni kukoroga. Maziwa ya katikati ya mkebe hayajui kama kuna maji nje mpaka uyakoroge. Kile kijiti cha chuma chenye sahani mwishoni, kilichotundikwa mlangoni, kazi yake ni hiyo. Si cha kufukuza paka.

Kwa hivyo lile hori la kuogeshea ni la watu wawili, mjue hivyo. Wazo ni la Yeyo, msumeno ni wangu.

Mwaka juzi alikuja injinia mmoja kutoka Nairobi, kijana mzuri wa viatu safi, anazunguka mashamba akieleza watu namna ya kupunguza stima. Alikuwa na picha za kifaa cha sahani nyingi za chuma, maziwa yanapita upande huu, maji baridi upande ule, na maziwa yanafika kwa tangi yakiwa yamepoa. Alieleza vizuri sana. Akaona hori letu, akaingiza mkono kwa maji, akauliza nani ametengeneza. Yeyo, ambaye Kizungu alikuwa hasikii, akaniuliza, "Anasema nini huyu?"

"Anasema maziwa inafaa ioge kwanza."

"Mwambie amechelewa."

Nikamwambia. Injinia alicheka mpaka akatoa miwani. Na akamwamkia Yeyo tena, upya, kwa mikono miwili.

Nirudi kwa Mzee. Siku chache kabla mwezi wa tisa uishe, nilienda kumwita. Nikamwambia, "Mzee, kesho asubuhi njoo ukae na sisi mpaka kengele." Akaja na kikombe chake, akakalia kreti karibu na ukuta, kofia magotini kama mtu aliye kanisani. Maziwa yakaoga. Tukamwaga kwa tangi. Mashine ikaanza. Naserian alikuwa kwa gunia lake. Wanaume wa utepe walikuwa wamerudi pia, walikuwa getini wakimngoja Mzee asaini makaratasi ya plots.

Mashine iliimba. Mzee alimaliza chai. Halafu, tak! Ikanyamaza.

Kimya kile sijawahi kukisahau. Ungesikia ng'ombe wakitafuna. Ungesikia mwalimu upande ule akisomesha watoto, nao wanaitikia. Mzee aliinua kichwa, akangoja. Tukangoja. Tukangoja tena sana, mpaka Naserian akapiga ndoo kofi moja. Ndipo kengele ya break ikalia.

Mzee akavaa kofia. Akaenda getini. Sikusikia aliyosema, lakini wale wanaume waliingia kwa gari yao wakaenda na utepe wao.

Aliporudi, nikashindwa kunyamaza. Mimi siwezi kupewa sifa ya kuzima moto niliowasha mwenyewe. Nikamwambia yote, rediata, nepi, wiki mbili.

Akaniangalia. "Zile nguo nyeupe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Niliziona. Nilifikiri ni filta."

Yeyo alilazimika kutoka nje. Tulimsikia huko zizini akicheka peke yake, na kila akinyamaza anaanza tena. Mzee mwenyewe hakucheka mpaka alipofika mlangoni kwake. Lakini aliniambia neno moja ambalo aliwaambia watoto wake pia, na hawajalisahau: "Siku mashine itaimba kupita kengele, mniulize tena habari ya kuuza."

Sasa mnaelewa kwa nini kisu niliweka chini? Mzee sasa anatembea kwa shida. Watoto wake wanakuja kumwona kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mmoja wao huwa anasimama hapo nyuma, anajifanya anapokea simu. Hapokei simu. Anasikiliza mashine.

Yeyo yeye alienda Oltepesi mwaka jana, kwa miguu yake na kwa hiari yake, akiwa na ndama wake aliyepewa na Mzee, na nyumba aliyojijengea mwenyewe. Huwa ananipigia. Hasemi habari ya watoto kwanza. Anasema, "Takwenya." Nasema, "Iko." Anasema, "Bado inaoga?"

Na lile bomba jeusi lililojikunja juu ya mabati kama nyoka, meneja asije akawaambia ni takataka. Nilienda harusi Magadi, kwa binamu ya Yeyo anayekaa nyumba za kampuni ya soda, nikafungua bomba la maji baridi saa sita mchana ninawe, nikaungua. Nikarudi nikimwambia Mzee, kama jua linaweza kuchemsha maji ya watu bila wao kuomba, sisi tunawasha koili ya stima kuoshea mikebe kwa nini? Huku jua si kali kama lile, lakini bomba jeusi siku ya jua linawapa maji ya kuanzia, na koili inamalizia kidogo tu. Mkiligusa mchana mtajua lipo kazini.

Basi, Jumamosi nilikuja. Nyinyi watatu mnajua, lakini nawaandikia wale watakaofuata. Nilikuja na mtoto mgongoni, makusudi. Nikakuta hori langu kavu, limegeuzwa chini juu, kuku amelala juu yake.

"Nani aligeuza?"

"Madam, meneja alisema wageni wakikuja isikae vibaya," Faith akasema.

"Na maziwa mnaogeshea wapi?"

"Aki madam, si tulidhani hiyo ni ya ng'ombe?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikapita nyuma kuangalia rediata, nyinyi mnanifuata kama vifaranga, na hapo kwa wavu nikakuta makoti yenu matatu meupe ya kazi, yameoshwa, yametundikwa kwa mstari, yanapepea kwa upepo wa moto.

Sein akasema kwa sauti ndogo, "Hukauka haraka."

Mlidhani nimepatwa na wazimu. Nilicheka hadi mtoto akaamka, nikashika nguzo. Hakuna tusi lililobaki. Nitamtukana nani? Nilijiona mimi mwenyewe pale mara tatu, na makoti.

Tuligeuza hori pamoja. Tukapiga mswaki rediata. Meneja nitaongea naye mwenyewe, na nitaingia na mtoto mgongoni, nione atanitoa vipi mbele ya Mzee. Hiyo niachieni.

Jumatatu sikufanya kazi ya maana. Nilifua, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi, nikaenda kwa mlango, nikarudi. Nyumba yangu iko mbali kidogo, mashine siisikii. Naserian alitokea njiani jioni, anaburuta sweta. Akatupa begi kwa kiti. Akafungua sufuria. Akaanza kunieleza habari ya msichana aliyemwibia rula, mwanzo hadi mwisho, na rula ilikuwa rangi gani.

Nikavumilia. Mwishowe nikamwuliza.

"Na mashine?"

Akaniangalia, mdomo umejaa ugali.

"Mashine gani?"